Wastani Unaficha Nani?

Ukishuka kwenye ndege ya Lamu, bado hujafika Lamu. Uko Manda. Unatembea hadi jeti, unapanda boti, na muda si muda unapiga picha nyumba za mawe za mji wa kale, ule uliotambuliwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka 2001. Na mawe je? Mengi hutoka kulekule ulikoshukia, kwenye matimbo ya Manda Maweni. Wakataji wengi walikuja kutafuta kibarua kutoka magharibi mwa Kenya. Walikuja na watoto, wengine wakazaliwa hapo, na watoto wanataka shule.

Mlango wa shule umefunguliwa mara kadhaa nchini. Mwaka 1974 Kenyatta aliondoa karo darasa la kwanza hadi la nne. Mwaka 1979 Moi akaongeza madarasa yaliyobaki, na maziwa ya Nyayo juu. Kisha ikaja michango, mara ya majengo, mara ya vitabu, na mlango ukaanza kufungwa polepole. Januari 2003, Kibaki akaufungua tena. Usajili wa shule za msingi ukaruka kutoka takriban watoto milioni 5.9 hadi milioni 7.2.

Hapo ndipo shule za umma zilianza kuchekwa. Wazazi wenye uwezo walihamisha watoto wao akademi, halafu gazeti linachapisha orodha ya KCPE, na akademi ziko juu. Watu wakasema shule za gava zimeoza.

Lakini hebu tupige hesabu ya mfano. Shule ina watahiniwa wanne: 350, 300, 200 na 150. Wastani ni 250. Wale wawili wa mwisho waambiwe warudie darasa la saba, wastani unakuwa 325. Hakuna aliyefundishwa kitu kipya. Wawili wameondolewa tu.

Wizara ilipiga marufuku orodha hizo mwaka 2014, na KCPE yenyewe ikafanywa mara ya mwisho 2023. Tabia haikuisha. Bado tunapima shule kwa wanaong'aa.

Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili. Siku ya mahafali ya wenzangu, chuo kilisoma idadi ya waliohitimu na watu wakapiga makofi. Sisi tuliotoka njiani hatukutajwa hata kama namba.

Kwa hivyo ukiletewa wastani wa shule ya kisiwani, ambako maji matamu ni shida na mzazi analipwa kwa jiwe, ukalinganishwa na wa akademi ya Nairobi, uliza jambo moja kabla hujacheka: walioanza darasa la kwanza walikuwa wangapi, na waliofika kwenye mtihani ni wangapi?