Jeraha moja, malipo mbalimbali: Miaka zaidi ya ishirini ya kudai fidia ya bomu la 1998

Asubuhi ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, watu waliokuwa ofisini karibu na makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue jijini Nairobi walisikia kishindo, wakakimbilia madirishani kutazama. Lilikuwa guruneti lililorushiwa walinzi wa ubalozi wa Marekani. Punde si punde lori lililosheheni vilipuzi likalipuka, na vioo vya madirisha yale yale vikawarukia usoni. Ndivyo watu wengi walivyopoteza macho, wakiwemo waliokuwa hawana shughuli yoyote na ubalozi huo.

Jumba la Ufundi, lililopakana na ubalozi, liliporomoka. Karibu wakati huohuo lori jingine lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, ambako gari la maji lililokuwa langoni lilipunguza makali ya mlipuko. Watu 213 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam. Majeruhi walihesabiwa kwa maelfu.

Mmoja wa washambuliaji alikamatwa siku chache baadaye, na mwaka 2001 watu wanne walihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya New York. Hilo lilikuwa suala la jinai. Lakini aliyepofuka bado alihitaji wa kumwongoza njiani, na aliyekatwa mguu alihitaji mguu wa bandia na kazi nyingine ya kufanya. Nani angelipia hayo? Jibu lilitafutwa mahakamani Washington kwa takriban miaka ishirini. Lilipopatikana, liliwafaa baadhi ya waathiriwa, wengine likawaacha nje kabisa.

Serikali inaposhtakiwa

Wakenya walianza na mwenye nyumba, yaani serikali ya Marekani. Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameonya kabla ya shambulio kwamba jengo lake, lililokaa ukingoni mwa barabara yenye msongamano, halikuwa salama, naye aliomba ubalozi uhamishwe. Tume iliyoongozwa na Admirali William Crowe, iliyotoa ripoti yake Januari 1999, ilikosoa jinsi Washington ilivyolichukulia suala zima la ulinzi wa balozi zake. Kwa macho ya mtu wa kawaida, huo ulikuwa uzembe wa wazi.

Kesi ikafunguliwa dhidi ya serikali ya Marekani kwa niaba ya Wakenya zaidi ya 5,000. Mwaka 2002 ilitupwa, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaafiki. Serikali ya Marekani haishtakiwi bila ridhaa yake. Ridhaa hiyo imo katika sheria ya mwaka 1946, ila sheria hiyo imeweka mipaka: maamuzi ya kisera, kama vile ubalozi upi uimarishwe kwanza na kwa fedha kiasi gani, hayawezi kugeuzwa kuwa madai ya fidia. Majaji hawakuhitaji hata kupima uzito wa majeraha.

Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limegharimia matibabu, mafunzo ya waliopofuka, karo za watoto na ukarabati wa majengo. Manusura walipokea, lakini hawakuacha kusisitiza tofauti: msaada hukoma aliyeutoa anapoamua, ilhali fidia hupimwa kwa hasara ya aliyeumia.

Khartoum yaitwa mahakamani

Mdaiwa wa pili alikuwa Sudan. Osama bin Laden aliishi Sudan kuanzia 1991 hadi 1996, kipindi ambacho mtandao wake wa al-Qaeda, uliofanya shambulio hilo, ulijijenga Afrika Mashariki. Kwa kawaida dola moja haishtakiwi katika mahakama za dola nyingine, lakini mwaka 1996 Bunge la Marekani lilitoboa ukuta huo: nchi iliyotajwa rasmi kuwa mfadhili wa ugaidi ingeweza kudaiwa fidia. Sudan ilikuwa kwenye orodha hiyo tangu Agosti 1993. Kesi ya kwanza dhidi yake na Iran, iliyokuwa pia kwenye orodha hiyo, ilifunguliwa mwaka 2001.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2008 ndiyo yaliyoamua nani angefaidika. Haki ya kudai ilitolewa kwa raia wa Marekani, kwa wanajeshi wake na, jambo lililowagusa Wakenya na Watanzania, kwa wafanyakazi wa serikali ya Marekani walioumia wakiwa kazini, hata kama si raia. Karani, dereva na mlinzi wa ubalozi wakapata nafasi. Fundi, abiria wa matatu na mwenye duka ng'ambo ya barabara hawakutajwa.

Ukubwa wa pengo hilo unaonekana kwenye hesabu ya vifo. Kati ya 213 waliokufa Nairobi, wafanyakazi wa ubalozi walikuwa 44: Wamarekani 12 na wenyeji 32. Waliosalia, watu 169, walikuwa nje ya ajira hiyo.

Sudan ilituma mawakili kwa muda, kisha ikanyamaza. Kesi ikasikilizwa Oktoba 2010 bila mdaiwa kuwapo, na Novemba 2011 Jaji John Bates akaamua kwamba Sudan na Iran zilistahili kubeba dhima. Iliyobaki ilikuwa kazi ngumu kuliko zote: kukadiria mwili wa binadamu kwa dola. Wataalamu walioteuliwa na mahakama walipitia ushahidi wa mdai mmoja baada ya mwingine. Kigezo kwa aliyevunjika mifupa vibaya au kupata majeraha makubwa ya vipande vya mlipuko kilikuwa dola milioni 5. Aliyepoteza jicho, aliyeungua sana au aliyeumia ubongo alikadiriwa milioni 7.5. Mwenye majeraha madogo lakini mshtuko mkubwa wa akili aliwekewa milioni 1.5. Jamaa wa karibu nao walikuwa na viwango vyao.

Hukumu za mwaka 2014 zilifikia jumla ya dola bilioni 10.2, zikiwemo takriban bilioni 4.3 za adhabu. Hapo ndipo Sudan ilipozinduka na kukata rufaa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliondoa zile bilioni za adhabu kwa hoja kwamba sheria ya 2008 isingeweza kuadhibu kitendo cha 1998. Mei 18, 2020, Mahakama ya Juu, kwa kauli moja ya majaji wanane iliyoandikwa na Neil Gorsuch, ilikataa hoja hiyo: Bunge liliandika waziwazi kwamba sheria ingerudi nyuma.

Hukumu bila pesa

Ushindi huo ulikuwa wa karatasi. Sudan ilikuwa imemwondoa Omar al-Bashir mwaka 2019, uchumi wake ukiwa taabani, na hakukuwa na hazina ya kukamata. Kilichokuwapo ni hamu ya serikali ya mpito ya Abdalla Hamdok kutoka kwenye orodha ya ufadhili wa ugaidi, na Washington ikaitumia. Yakafikiwa makubaliano ya dola milioni 335, yaliyojumuisha pia waathiriwa wa shambulio la al-Qaeda dhidi ya meli ya kivita ya Marekani, USS Cole. Desemba 14, 2020, Sudan ikaondolewa kwenye orodha. Machi 2021 Marekani ikatangaza kupokea fedha hizo.

Mgawo ulizua manung'uniko mapya. Kwa viwango vilivyoripotiwa na vyombo vya habari vya Marekani, familia ya Mmarekani aliyekufa ingepata dola milioni 10, na ya mfanyakazi mwenyeji dola 800,000. Mmarekani aliyejeruhiwa angeanzia milioni 3, mwenyeji 400,000. Waliokuwa wamekaa jengo moja, wakilipuliwa na bomu moja, walitofautishwa na pasipoti. Wapo Waafrika waliokuwa wamekwishapata uraia wa Marekani baada ya shambulio, lakini wakahesabiwa kama wenyeji. Bunge lilitenga dola milioni 150 zaidi kwa ajili ya kuziba sehemu ya pengo lao.

Sheria iliyopitishwa Desemba 2020 kutekeleza makubaliano hayo iliirudishia Sudan kinga yake, isipokuwa kwa kesi za Septemba 11, 2001. Maana yake ni kwamba Mkenya aliyekuwa akipita njia siku ile hawezi tena kuingia kupitia mlango wa Sudan, hata kama Bunge la Marekani lingepanua orodha ya wanaostahili kudai.

Madai ya kundi hilo yamehamia kwa wanasiasa. Seneti ya Kenya iliunda kamati maalumu ya kushughulikia fidia yao, na manusura wanaitaka serikali ya Nairobi izungumze na Washington kwa niaba yao. Wanachoomba ni Bunge la Marekani litenge fungu kwa waathiriwa ambao hawakuwa raia wake wala waajiriwa wake. Sheria ya namna hiyo bado haijapitishwa.