Mzigo Uliotuliwa Ipoto: "Put Down" na Kitenzi "Tua" katika Historia ya Ituri

Maana za kitenzi cha Kiingereza "put down" hazipatikani kwa kujumlisha maneno yake mawili. Pamoja na kuweka chini, humaanisha kuandika, kuzima uasi, kumtweza mtu, hata kumuua mnyama mgonjwa. Kiswahili kina kitenzi chake kwa kila maana. Kwa mzigo ulio kichwani au begani kina neno mahsusi, "tua", ambalo kinyume chake ni "twika". Anayesema "tua kitabu mezani" atachekwa, kwa kuwa "tua" humtaka mchukuzi. Ni neno la safari: msafara hutua, ndege hutua, jua nalo hutua, mahali pa kutua ni kituo, jina walilopewa baadaye polisi, mabasi na hata nukta ya mwisho wa sentensi.

Uzito wa neno hili ulionekana dhahiri upande wa ziwa ilipo Kasenyi, bandari ya Bunia. Mwaka 1887 Stanley aliajiri wapagazi Zanzibar ili kumfikia Emin Pasha. Walichukua mashua ya chuma vipande vipande. Oktoba, njaa ilipowamaliza nguvu msituni, mashua ilituliwa Ipoto, kambi ya wawindaji wa pembe za ndovu chini ya Kilonga-Longa. Desemba wakafika ufuko wa kusini-magharibi wa Ziwa Albert. Emin hakuwapo, na chombo cha kumtafutia hawakuwa nacho. Wakarudi msituni. Mashua ilifuatwa Ipoto, ikatwikwa upya, na Stanley alionana na Emin mwishoni mwa Aprili 1888.

Je, Ipoto mashua "ilituliwa" au "iliachwa"? Kiingereza nacho hutenganisha "put down" na "leave behind". Anayetua hutarajia kujitwika tena. Anayeacha hajifungi kwa lolote. Mashua ilianza kwa kuachwa, na kwa wachukuzi waliorudi kuifuata ikawa imetuliwa tu.

Katika kambi za namna hiyo Kiswahili kilizidi kupenya Ituri, kwa jina la Kingwana. Na hapo pana kejeli. Waingereza wa zama hizo walipenda kusema "put down the slave trade", ambayo kwa Kiswahili ni kukomesha, kamwe si kutua. Ilhali msafara wao ulijihifadhi kwa wawindaji wa pembe na watumwa, na mwaka huohuo wa 1887 Stanley alimfanya Tippu Tip kuwa gavana wa Stanley Falls, kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo.