Kibaba Kilienda Wapi?

Haba na haba hujaza kibaba. Shule ya msingi tuliikariri methali hiyo mpaka ikaisha ladha, na hakuna aliyetuambia kibaba ni nini. Mimi nilidhani ni aina ya kikapu. Nimekuja kujua juzi tu, nishaacha chuo, naishi Kitengela nikiandika makala za kulipia nyumba: kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka. Vibaba viwili ni kisaga, vinne ni pishi. Kumbe ni gorogoro ya watu wa Pwani!

Nikamkumbuka mamangu. Huuza mahindi na maharagwe Loitokitok, soko la Jumanne, Kilimanjaro ikimtazama. Mteja wa kawaida anapimiwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Dalali yeye anataka gunia. Nikaamua kulifuata gunia hilo kinyumenyume, mpaka baharini.

Karne ya 19, Mombasa na Malindi zilikuwa zikiuza nafaka nje. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakangoja kusi, yakarudi Arabuni na shehena ya mtama, mahindi na ufuta. Malindi, iliyofufuliwa enzi za Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860, ndiyo ilitajirika zaidi. Lakini mashamba yake yalilimwa na watumwa, na utumwa huku Pwani ya Kenya haukufutwa kisheria hadi 1907. Aliyevuna mtama siye aliyeshika pishi.

Huku kwetu mlimani, misafara ya Mombasa ilipita Taveta ikielekea Uchagani na nchi ya Wamaasai kutafuta pembe za ndovu. Mpagazi hali pembe. Chakula kilinunuliwa njiani kwa shanga, vitambaa na waya. Nafaka ndiyo ilikuwa mafuta ya gari lile la miguu.

Kisha reli ikaanza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Ziwa Victoria 1901, na mzigo ukashuka vichwani mwa watu. Leo lori likitoka Loitokitok hushuka hadi Emali, likakuta barabara ya Mombasa na SGR iliyofunguliwa 2017. Meli nazo zimegeuza mwendo: ngano nyingi tunayokula hutoka nje na kushukia Mombasa. Bandari iliyolisha Arabuni sasa inatuletea chapati.

Simu nayo imeleta yake. Mamangu hujua bei ya Nairobi kabla hajanywa chai, kwa sababu yuko kwenye kundi la WhatsApp la madereva na wauzaji. Anajua lori gani linarudi tupu na nani ana mzigo Emali. Ila kujua bei ni kitu kimoja, kushika kipimo ni kingine.

Gunia la mahindi ni kilo 90. Dalali huja na lumbesa, gunia lililoshonewa kofia juu, na hulipa lile lile moja. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mavuno yetu yote yaliondoka hivyo. Siwezi kusema niliacha masomo kwa sababu ya kofia ya gunia, kulikuwa na mengine. Lakini nimepiga hesabu mara kadhaa. Zile kilo za juu na karo iliyonishinda zinakaribiana mno.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya aflatoksini, halafu siku chache baadaye ikafungua kwa masharti: cheti cha kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sitetei sumu. Lakini mamangu huongezea mzigo wake kutoka Tarakea, ng'ambo tu ya mpaka, na kipimo hicho hakimo kwenye mkebe wake. Tena kiko kwa mtu mwingine.

Mwezi uliopita nilimnunulia mizani ya kuning'iniza. Jumanne dalali akaja, akaiangalia, akacheka.

"Mama, hiyo ni ya hospitali?"

"Ni ya mahindi," akajibu. "Ukitaka, tunapima. Hutaki, salama."

Akaenda kwa jirani. Mpaka saa kumi na mbili jioni mamangu alikuwa bado anauza kwa gorogoro, na gunia lilikuwa limefika nusu. Tulilibeba nyumbani, mimi upande mmoja, yeye upande mwingine. Kwa mizani yetu, zilikuwa zimebaki kilo 44.