BIBLIA ILIYOKATWA



Mwaka 1807, jijini London, ilichapwa Biblia ya ajabu. Ilitayarishwa kwa ajili ya watumwa Waafrika katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza. Kwa nje ilikuwa Neno la Mungu. Ukiifungua, karibu asilimia 90 ya Agano la Kale haimo, na nusu hivi ya Agano Jipya haimo pia.

Angalia walichoacha na walichotoa. Yusufu akiuzwa utumwani yumo. Musa akimwambia Farao awaachilie watu wa Mungu, hayumo. Waefeso 6:5, unaowaagiza watumwa kuwatii mabwana zao, umo. Kutoka 21:16, unaomhukumu kifo mtu anayeiba mwanadamu na kumuuza, haumo. Wagalatia 3:28, kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala huru, nao haumo.

Hawakuhitaji kuongeza uongo. Walipunguza tu. Utumwa wa visiwa vile ulikuja kukomeshwa kisheria mwaka 1834.

Mpendwa, sisi hatuna makasi, lakini tuna mdomo. Ni mara ngapi tumemtangazia mtu Yeremia 29:11, ahadi ya amani na tumaini, tukauruka mstari wa 10? Barua ile waliandikiwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari wa 10 unataja miaka 70. Mimi mwenyewe niliwahi kuihubiri hivyo, kwamba jibu ni wiki hii. Mama mmoja akaenda nyumbani akangoja. Wiki ilipopita, akadhani Mungu amemkataa. Kosa halikuwa la Yeremia. Lilikuwa langu, na nilimwomba msamaha.

Basi wewe unayefundisha Shule ya Jumapili, ushirika wa nyumbani, au watoto wako sebuleni, jiulize kwanza:

Nani aliandika, akimwandikia nani, katika hali gani?
Mistari ya kabla na ya baada inasema nini?
Mahali pengine Biblia inasemaje juu ya jambo hilo?

Kama somo lako linasimama tu ukiuficha mstari wa jirani, usilifundishe. Yakobo 3:1 anatuonya kwamba sisi waalimu tutahukumiwa kwa ukali zaidi.

Leo, kabla ya kumtumia mtu mstari kwenye simu, soma sura nzima. Usimkatie mwenzako Biblia.

Ubarikiwe. Amina.