Njia Iliyokwepa Ikulu

Neno ikulu halikuzaliwa Magogoni. Lilitoka bara. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ikulu ni makao ya mtemi, na wageni wa karne ya 19 waliokuwa wakielekezwa huko waliliandika kadiri masikio yao yalivyolishika: Kwikuru, yaani kwa ikulu. Mtemi naye, kwa maelezo yanayosimuliwa sana Unyamwezi, ametokana na kutema. Wengine husema ni kutema msitu ili watu wapate pa kulima, wengine husema ni kukata mashauri ili watu wasiuane. Nayapenda yote mawili, lakini la kwanza zaidi, kwa sababu linairudisha ikulu mahali pake, katikati ya miti. Ilikuwa ni uwazi ndani ya miombo, na njia za miguu ziliingia upande mmoja na kutokea upande mwingine. Aliyekaa hapo aliweza kuzifungua njia hizo. Aliweza pia kuzifunga.

Ikulu moja ya namna hiyo ilifunga njia hadi misafara ikalazimika kuzunguka kupitia misitu ya Katavi.

Mirambo alitawala Urambo na Ulyankulu, magharibi ya Tabora. Barabara kuu ya misafara, iliyotoka pwani kwenda Ujiji na kurudi na pembe za ndovu na watumwa, ilipita mlangoni kwake, naye alitaka hongo kama mtemi mwingine yeyote. Wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe waliona mtemi huyu kijana anazidi mipaka. Mwaka 1871 vita ikawaka. Mwezi Agosti waliivamia boma ya Ulyankulu wakaiteka, wakajitwalia pembe na mateka, wakaanza safari ya kurudi kwa furaha. Mirambo na rugaruga wake hawakuwa ndani. Walikuwa wamejificha njiani. Walipowarukia washindi hao waliolemewa na mizigo, ushindi ukageuka kuwa mbio. Kabla mwezi haujaisha Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akaua na kuchoma nyumba.

Henry Morton Stanley alikuwa Tabora wakati huo, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyetumwa kumtafuta David Livingstone. Alijiunga na Waarabu katika vita hiyo, kisha akaona wazi kwamba njia ya magharibi haipitiki. Tarehe 20 Septemba 1871 akaondoka Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akaelekea kusini, akaingia Ukonongo, halafu akakata kona kupitia nchi ya Mpokwa na kupanda kaskazini hadi mto Malagarasi. Sehemu kubwa ya mzunguko huo iko katika Mkoa wa Katavi wa leo. Livingstone alipatikana Ujiji mwezi Novemba, na kila mwanafunzi anajua maneno yanayosemekana kutamkwa siku hiyo. Wachache wanajua kwamba safari ile maarufu ilipita Katavi kwa sababu mtemi mmoja Mwafrika alikuwa amesema hapana.

Hata vitabu vyetu vya shule huiandika kama safari ya mtu mmoja. Msafara uliongozwa na Sidi Mubarak Bombay, aliyekwisha kutembea na Burton na Speke kabla Stanley hajaijua Afrika, na mizigo ilikuwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Kusini ya Malagarasi chakula kiliisha, wakaishi kwa matunda ya porini. Wapagazi ndio waliojua lipi linalika. Miaka miwili baadaye, mwezi Oktoba 1873, Susi, Chuma na wenzao walifika Tabora wakiwa wameubeba mwili wa Livingstone kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, kupitia Ufipa. Kama kuna watu wanaostahili kuitwa waasisi wa matembezi marefu ya msituni katika ukanda huu, ni hao, ingawa wao wangecheka kusikia kwamba mtu anatembea hivyo kwa starehe.

Leo treni haizunguki. Ukipanda Tabora, reli ya kati inakupeleka moja kwa moja kwenye nchi ya Mirambo: stesheni ya Urambo, kisha Kaliua, ambako tawi la Mpanda linachepuka kuelekea kusini. Tawi hilo lina urefu wa kilomita 210 hivi. Lilikamilika mwaka 1950, na halikujengwa kwa ajili ya abiria hata kidogo. Waingereza walitaka madini ya risasi yaliyokuwa Mpanda. Mgodi ulifungwa miaka kumi baadaye, reli ikabaki, na watu wakaichukua. Kwa miongo mingi, masika yalipoharibu barabara, treni ndiyo iliyokuwa njia ya uhakika ya kuifikia Mpanda. Sasa kuna lami kutoka Tabora kupitia Sikonge na Inyonga, na basi linafika mapema kuliko treni. Lakini anayetaka kuelewa ukubwa wa msitu huu apande treni. Inavuka mto Ugalla na kupita saa nyingi ambapo dirishani kuna mitundu, mininga, mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa juu, na vijia vyembamba vinavyoingia porini bila kibao chochote. Vijia hivyo ni vya warina asali, vya wavuvi wa Ugalla, vya wanaotafuta mbao. Vina wenyewe.

Kabla ya Mpanda kuna Katumba. Makazi haya yalifunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mishamo yalifuata mwaka 1978, na Ulyankulu, ile ile ya Mirambo, nayo ikawa makazi ya wakimbizi. Serikali iliwapa ardhi yenye miti na ndorobo, ikawaambia walime. Waliitema misitu hiyo kwa majembe na mashoka, na baada ya zaidi ya miaka arobaini, mwaka 2014, Warundi wapatao 162,000 wa makazi hayo matatu walipewa uraia wa Tanzania. Kwa maana ya kale ya kutema, hakuna kundi lililofanya kazi ya kitemi katika misitu hii katika karne iliyopita kuliko hao.

Mpanda ni mji wa kushukia na kupangia. Ukitaka ziwa, tafuta gari la Karema, zaidi ya kilomita mia moja kuelekea magharibi. Safari hupita milima yenye misitu ya Wilaya ya Tanganyika, ambako vijiji vinane vinalipwa fedha za hewa ukaa kwa kuitunza misitu ya Ntakata. Karema yenyewe ina ngome. Iliwekwa na Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika cha Mfalme Leopold II, chini ya Kapteni Cambier, mwaka 1879. Waliijenga karibu na maji. Hawakujua kwamba ziwa lilikuwa limefikia kilele chake mwaka mmoja tu kabla, na kwamba mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo, ulikuwa umezibua mdomo wake na kuanza kulimwaga. Kina cha Ziwa Tanganyika kilishuka mita kadhaa katika miaka iliyofuata, na ngome ya mfalme wa Ulaya ikaachwa nchi kavu. Mwaka 1885 ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Humo ndimo alimofanyia kazi Adrien Atiman, mtoto wa Mali ya leo aliyewahi kuuzwa utumwani, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa maoni yangu, yeye peke yake anatosha kuwa sababu ya safari.

Lakini kisa cha Karema kinachonirudisha kwa Mirambo ni cha tembo. Leopold aliamini kwamba tembo wa Kihindi waliofundishwa wangeweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Mwaka 1879 wanne walishushwa Msasani, wakatembezwa kuja bara. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakuishi sana. Mwaka uliofuata, mwezi Juni 1880, Wazungu wawili wa mradi huo, Carter na Cadenhead, waliondoka Karema kurudi pwani. Walikuwa Mpimbwe wakati majeshi ya Mirambo na mshirika wake Simba yalipoishambulia, wakauawa humo. Mirambo alikuwa akitafuta urafiki na Waingereza kwa miaka kadhaa. Alikuwa amempokea Dk. Southon wa London Missionary Society akae karibu na ikulu yake. Vifo vya Mpimbwe viliharibu mengi. Balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, aligeuka. Mirambo alifariki Desemba 1884, na dola yake haikuchukua muda mrefu kudhoofika.

Mpimbwe iko kusini ya Mpanda, ng'ambo ya hifadhi, na basi linalokwenda Sumbawanga huelekea upande huo. Kilomita 35 hivi kutoka Mpanda basi hufika Sitalike. Shuka hapo. Viboko wako mtoni karibu kabisa na kijiji, na ofisi za Hifadhi ya Taifa ya Katavi ziko jirani. Ndani ya hifadhi hutembei peke yako. Kuna simba, nyati na tembo, kwa hiyo utakuwa na askari mwenye bunduki, na utafuata njia atakayoichagua yeye. Vaa nguo za rangi isiyoiva sana, na kamwe si bluu, kwa sababu ndorobo wanaipenda.

Vipeperushi vya utalii huuita msitu huu kuwa haujaguswa. Hapo nabishana navyo. Katika miaka ya 1920, kwa sababu ya ugonjwa wa malale, serikali ya Kiingereza ilianza kuwahamisha watu wa magharibi ya Tanganyika, Ukonongo ikiwemo, kutoka kwenye vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya kwenye makazi makubwa. Mashamba waliyoyaacha yaliota miti. Katika miaka ya 1970 watu wakakusanywa tena, safari hii kwa jina la ujamaa, na mwaka 1974 ikatangazwa hifadhi ya taifa, ambayo leo ina kilomita za mraba 4,471. Ni sehemu nzuri kuliko nyingi nilizoziona, na wanyama wanahitaji pa kuishi. Lakini palipo na ukimya leo palikuwa na watu waliojua jina la kila kijito, na wajukuu wao sasa wanakaa pembezoni, wakilima tumbaku na mahindi na kufukuza tembo mashambani usiku. Mtu anayetembea humo kwa nusu siku na chupa ya maji anapaswa angalau kujua anatembea kwenye uwanja wa nani.

Jina la mkoa wenyewe, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa, limetoka kwenye hifadhi, na la hifadhi limetoka kwa Katabi, mwindaji wa kale ambaye roho yake inaaminika kukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Watu wamekuwa wakiacha sadaka chini ya mti huo na kuomba baraka zake kwa vizazi visivyohesabika. Si mtemi yeyote aliyeufunga wala kuufungua. Siku hizi ziwa na mkwaju viko ndani ya mipaka ya hifadhi, ambamo kuwinda ni jinai, na anayekwenda kumwomba mwindaji hupita getini kwanza.