Sheria za silaha za kibiolojia: mbunge anahusikaje?

Wadau, leo tuongelee silaha isiyotoa mlio. Silaha za kibiolojia ni vijidudu vya magonjwa au sumu za viumbe hai zinazotumiwa makusudi kudhuru watu, mifugo au mazao. Mifano inayotajwa sana ni kimeta na tauni.

Kwani si kuna mkataba?

Upo. Ulianza kusainiwa mwaka 1972 na ukaanza kazi 1975. Kenya ilijiunga 1976. Tanzania ilisaini 1972 lakini ikaja kuuridhia 2019, yaani miaka 47 baadaye!

Sasa kazi iko hapa: mkataba unazibana serikali. Mtu binafsi akikamatwa na chupa ya vijidudu, hakimu anahitaji sheria ya nchi inayotaja kosa na adhabu. Ndiyo maana Ibara ya 4 ya mkataba inaitaka kila nchi ipige marufuku silaha hizi ndani ya mipaka yake. Mwaka 2004 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likakazia kwa azimio namba 1540: nchi zote ziwe na sheria za kuzuia watu na vikundi pia.

Sheria ikiwa na tundu

Msidhani ni shida ya nchi maskini tu. Mwaka 1995, huko Ohio, Marekani, jamaa mmoja alijifanya ana maabara, akaagiza chupa tatu za vijidudu vya tauni na akatumiwa! Sheria ya silaha za kibiolojia ilikuwepo, lakini kumiliki vijidudu vyenyewe hakukuwa kosa. Ikabidi ashtakiwe kwa udanganyifu, na jela hakwenda. Mwaka 1996 Bunge lao likaagiza usafirishaji wa vijidudu hatari udhibitiwe. Mwaka 2001 barua zenye kimeta zikaua watu 5, ndipo sheria ikabanwa tena hadi kwenye umiliki.

Sheria nzuri iwe na nini?

1. Ikataze kutengeneza, kuhifadhi, kugawa na kutumia, pamoja na kusaidia au kufadhili.
2. Itaje adhabu nzito. Uingereza, kwa sheria ya 1974, ni hadi kifungo cha maisha.
3. Iwe na orodha ya vijidudu hatari, na vibali kwa maabara zinazovitunza.
4. Idhibiti usafirishaji na mipaka.
5. Iwalinde wanaofanya kazi halali: hospitali, watafiti na watengeneza chanjo.

Hiyo namba 5 msiidharau. Sheria ikiandikwa hovyo, mtaalamu anayepima kimeta cha ng'ombe naye anaweza kujikuta mahakamani.

Wabunge wanasaidiwa na nani?

Shirika la VERTIC la London huwasaidia wanasheria wa serikali kulinganisha sheria zilizopo na mkataba na kuandika rasimu. Parliamentarians for Global Action huwakusanya wabunge wenyewe. Geneva kuna ofisi ndogo ya mkataba inayounganisha nchi zenye shida na wenye uwezo wa kusaidia.

Kwa hiyo mdau, ukikutana na mbunge wako muulize: mtu akikutwa na vijidudu hivyo bila sababu halali, anashtakiwa kwa kifungu kipi? Jibu atakalokupa lilete hapa chini tulijadili.