Vipimo vya Kuaminika katika Uundaji wa Modeli ya Kidijitali ya Kifaru: Mfano wa Tiger I

Modeli ya kidijitali ya kifaru cha kivita husimama juu ya namba: urefu wa bodi, upana, kimo, kipenyo cha magurudumu, unene wa deraya. Namba hizo zimejaa vitabuni, lakini hazipatani. Kifaru kilekile hupewa upana wa mita 3.56 katika kitabu kimoja na mita 3.70 katika kingine, na msomaji huachwa aamini mojawapo kwa kutazama sifa ya mwandishi. Makala haya yanatetea msimamo kwamba sehemu kubwa ya tofauti hizo haitokani na uzembe. Mara nyingi namba zote mbili ni sahihi, ila zimepima vitu viwili vilivyopewa jina moja. Kazi ya mtafiti, basi, ni kubaini kila kipimo kilianzia wapi na kuishia wapi, kilichukuliwa kwenye gari la toleo gani, na kama kinaafikiana na vipimo vingine kihesabu. Mfano unaotumika ni Tiger I, kifaru kizito cha Ujerumani kilichoundwa na kampuni ya Henschel mjini Kassel kuanzia Agosti 1942 hadi Agosti 1944.

Jina moja, magari mengi

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya kipimo chochote kuchukuliwa, pale kifaru kinapodhaniwa kuwa na umbo moja tangu cha kwanza hadi cha mwisho. Tiger 250 za mwanzo zilitumia injini ya Maybach HL 210 ya lita 21. Zilizofuata zilipewa HL 230 ya lita 23. Katikati ya 1943, kuba ya kamanda iliyofanana na pipa ilibadilishwa na nyingine ya chuma cha kusubu iliyokuwa fupi zaidi, na kwa hiyo kimo cha gari zima kikabadilika. Mwaka 1944 magurudumu yenye mpira pembeni yaliachwa, yakaja ya chuma. Namba ya kimo isiyotaja toleo haiwezi kutumika kwa uhakika.

Sherman ya Marekani inaonyesha hali hiyo kwa ukubwa zaidi, kwa kuwa ilijengwa na viwanda vingi kwa injini tofauti. Toleo la M4A4 lilibeba injini ya Chrysler iliyounganishwa kutokana na injini tano za magari, na ili injini hiyo ienee, bodi ilirefushwa kwa takriban inchi 11. Mnyororo wa kila upande ukaongezeka kutoka pingili 79 hadi 83. Anayechukua urefu wa M4A4 na kuuweka kwenye modeli ya M4A1, toleo jingine la Sherman, atapata kifaru ambacho hakikuwahi kuwapo.

Kipimo kina ncha mbili

Upana wa Tiger ndio mfano bora wa umuhimu wa kujua ncha za kipimo. Kifaru hiki kilikuwa na minyororo ya aina mbili. Ya kivita ilikuwa na upana wa milimita 725. Kiliposafirishwa kwa reli, safu ya nje ya magurudumu iliondolewa na kufungwa minyororo myembamba ya milimita 520, ili gari lisizidi upana unaoruhusiwa njiani. Tofauti ya minyororo hiyo ni milimita 205 kwa kila upande, na yote iko upande wa nje, kwa sababu ukingo wa ndani umekaa karibu na bodi. Kwa pande mbili inakuwa milimita 410. Ukitoa 410 kwenye 3,560 unapata 3,150, yaani mita 3.15, kiasi kinacholingana na kikomo cha upana wa mizigo kwenye reli za Ujerumani. Hesabu hiyo fupi inaonyesha kwamba mita 3.56 ni upana wa kutoka ukingo wa nje wa mnyororo mmoja hadi ukingo wa nje wa mwingine. Namba ya mita 3.70 lazima iwe imejumuisha kitu kilichotokeza nje ya minyororo, nacho ni madigadi ya pembeni. Zote mbili ni za kweli, na modeli nzuri inapaswa kuzitimiza zote kwa wakati mmoja.

Urefu una mtego kama huo. Tiger huandikwa kuwa na mita 6.316 na pia mita 8.45. Ya kwanza ni bodi peke yake. Ya pili ni gari lote mzinga ukiwa umeelekezwa mbele. Mtutu wenyewe huelezwa kwa alama L/56, maana yake urefu wake ni mara 56 ya kipenyo chake cha ndani. Kwa kipenyo cha milimita 88, hiyo ni milimita 4,928. Kipimo hicho huanzia nyuma, ndani ya tureti, mahali ambapo mtazamaji wa nje haoni, na hakihesabu breki iliyofungwa mdomoni mwa mtutu. Anayechora mtutu wa milimita 4,928 kuanzia kwenye ngao ya mzinga ataurefusha kupita kiasi.

Kimo nacho hutegemea uzito uliomo. Tiger ilikalia fito za chuma zilizojisokota kama springi, ikabeba makombora 92, mafuta na askari watano. Gari la makumbusho lililo tupu halikai chini kiasi hichohicho, na fito zilizozeeka huongeza shaka. Kwa sababu hiyo, vipimo vya wima huchukuliwa vyema kutoka kwenye sakafu ya bodi badala ya ardhini.

Vyanzo na mipaka yake

Michoro ya kiwandani ndiyo yenye hadhi ya juu, kwani huandika namba zenyewe na haimlazimu msomaji kupima karatasi. Hata hivyo huonyesha kilichokusudiwa. Bamba la deraya lililoandikwa milimita 100 au 80 lilitoka kiwandani likiwa limezidi kidogo, na Waingereza waliopima Tiger waliyoiteka walipata 102 mbele na 82 ubavuni. Ripoti za namna hiyo, zilizoandaliwa wakati wa vita na wahandisi waliokuwa na gari mbele yao, zina thamani kubwa. Udhaifu wake ni kwamba ziliandikwa kwa futi na inchi: kipimo kilichokadiriwa hadi nusu inchi iliyo karibu kinaweza kupotea kwa zaidi ya milimita 6, na anayekigeuza kuwa milimita kwa desimali mbili hujipa usahihi wa bandia.

Gari lililosalia hutoa ushahidi wa moja kwa moja, iwapo historia yake inajulikana. Tiger 131, iliyotekwa na Waingereza nchini Tunisia Aprili 1943 na kukabidhiwa makumbusho ya Bovington mwaka 1951, ndiyo Tiger I pekee inayotembea. Lakini injini yake ya asili ya HL 210 ilikatwa ili ioneshwe ndani, na wakati wa ukarabati ikawekwa HL 230. Anayepima chumba cha injini cha gari hilo leo hapimi gari kama lilivyokuwa vitani. Kila sehemu iliyobadilishwa, kuchomelewa upya au kupindwa na risasi inapaswa kutambuliwa kabla ya mita au skana ya leza kutumika.

Michoro iliyochapishwa vitabuni hutofautiana sana. Ile ya Hilary Doyle, aliyefanya kazi na mtafiti Thomas Jentz, inaheshimiwa kwa sababu ilitokana na nyaraka na magari halisi. Mingine ni nakala ya nakala. Hata mchoro mzuri una kikomo cha kimaumbile: katika skeli ya 1:35, mstari wa wino wa milimita 0.3 unawakilisha milimita 10.5 za chuma. Karatasi hutanuka, na skana huvuta picha upande mmoja kuliko mwingine. Kipimo cha haraka cha kasoro hiyo ni magurudumu: gurudumu lililokuwa duara likionekana kuwa yai, mchoro umevutwa.

Vifaa vya plastiki vya kuunganisha si chanzo cha vipimo. Skeli ya 1:35 yenyewe ilizaliwa pale kampuni ya Tamiya ya Japani ilipotoa modeli ya kifaru cha Panther ambayo ukubwa wake ulipangwa ili betri zienee ndani.

Picha husaidia kuthibitisha maumbo, lakini hudanganya katika uwiano. Kifaru chenye upana wa mita 3.5 kikipigwa picha ubavuni kutoka mita 5, upande wa mbali huonekana kwa asilimia 59 tu ya ukubwa wa upande wa karibu. Kutoka mita 50, uwiano huo hupanda hadi asilimia 93. Picha za mbali, zilizopigwa kwa lenzi ndefu, ndizo zinazofaa kulinganishwa na mchoro. Fotogrametria, inayounganisha picha nyingi kupata umbo la pande tatu, hupunguza tatizo hilo, lakini bado huhitaji angalau kipimo kimoja halisi ili programu ijue ukubwa.

Kupimanisha namba

Uthibitisho wa mwisho hupatikana kwa kuziweka namba zihojiane. Zipo chache zisizobishaniwa sana, kwa kuwa ni za vipuri vilivyotengenezwa kwa wingi na vilivyopaswa kubadilishana: kipenyo cha gurudumu la Tiger, milimita 800, upana wa mnyororo wa kivita, milimita 725, umbali kati ya pini na pini, milimita 130, pingili 96 kila upande. Hizo zikiwekwa kwanza, sehemu nyingine hupimwa kwa kuzirejea.

Mnyororo ndio mtihani mkali kuliko yote. Pingili 96 za milimita 130 zina urefu wa milimita 12,480. Katika modeli, mzunguko huo lazima upite kwenye gurudumu la meno lililoko mbele, uende chini ya magurudumu, uzunguke lile la nyuma na kurudi ukilegea juu kidogo. Usipofunga, au ukibaki na pingili za ziada, kuna umbali kati ya mihimili uliowekwa vibaya, hata kama urefu wa jumla unalingana na kitabu. Hesabu hiyo inafanya kazi pia kwa Sherman: pingili nne za ziada za inchi 6 ni inchi 24, na zikigawanywa juu na chini zinatoa inchi 12, kiasi kinachokaribiana na inchi 11 zilizoongezwa kwenye bodi.

Kiwango cha usahihi hutegemea matumizi. Kwa modeli ya mchezo wa kompyuta, kosa la sentimita mbili halionekani. Kwa modeli ya kuchapwa kwa printa ya pande tatu katika skeli ya 1:35, sentimita mbili huwa zaidi ya nusu milimita, na sehemu zinazoingiliana zinaweza kukataa kukaa. Kwa modeli ya utafiti au ya ukarabati, kila milimita huhitaji maelezo. Katika hali zote, kila kipimo kinapaswa kuhifadhiwa pamoja na chanzo chake, ncha zake mbili, toleo la gari, kizio cha awali na kiasi cha shaka. Modeli isiyo na kumbukumbu hiyo inaweza kuwa sahihi, lakini mtafiti mwingine hana njia ya kuithibitisha wala kuirekebisha.